KUNYOOSHA MGUU ILI KUOKOA GOTI

Mtu asimamapo wima, uzito wa mwili wake hushuka kwa mstari utokao kwenye nyonga, ukapita karibu na katikati ya goti, hadi kwenye kifundo cha mguu. Hata katika mguu ulionyooka, upande wa ndani wa goti hubeba zaidi ya nusu ya mzigo. Mguu ukiwa na matege, mstari huo husogea ndani zaidi. Hapo gegedu, yaani utando mgumu na laini unaofunika ncha za mifupa, husagika upande mmoja. Na kadiri linavyosagika ndivyo matege yanavyozidi. Dawa hutuliza maumivu, lakini haiuhamishi mzigo.

Upasuaji tunaouzungumzia huuhamisha. Daktari huukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, kisha ama huondoa kipande chenye umbo la kabari upande wa nje na kuliziba pengo, ama huupanua mkato kwa upande wa ndani na kuukaza kwa bamba la chuma na skrubu. Huko Uingereza, Jackson na Waugh waliandika juu yake mwaka 1961. Huko Marekani, Mark Coventry wa Mayo Clinic alieleza njia yake ya kabari mwaka 1965.

Yafaa ieleweke kwamba mfupa uliokatwa ni mfupa uliovunjwa kwa makusudi, nao una hatari zote za mvunjiko. Huenda ukachelewa kuunga, hasa kwa mvuta sigara. Vijidudu vyaweza kuingia jerahani, na damu kuganda katika mishipa ya mguu. Ajali ya kuogopwa zaidi ni ya mshipa wa fahamu uzungukao shingo ya ule mfupa mwembamba wa nje: ukidhurika, wayo huning'inia na mgonjwa hukokota vidole atembeapo.

Hata hivyo, wengi hushindwa si kwa ajali bali kwa hesabu. Haitoshi kuyaondoa matege. Mguu sharti upitilize kidogo upande wa pili. Mwaka 1993 Coventry na wenzake walichapisha uchunguzi wa magoti 87, wakaona kuwa matokeo yalikuwa duni kwa wagonjwa wanene ambao, mwaka mmoja baada ya upasuaji, muundi wao haukuwa umeinama kwa nje angalau nyuzi 8. Lakini kupitiliza mno nako huuharibu upande uliokuwa mzima.

Ndiyo sababu daktari mwangalifu huchagua mgonjwa kabla ya kuchagua msumeno: mtu ambaye hajazeeka, mwenye kazi ya nguvu, na ambaye goti lake limechakaa upande wa ndani tu. Mwenye baridi yabisi hafai, kwani ugonjwa huo hushambulia kiungo kizima. Kwa waliochaguliwa vema, wengi hupata miaka kumi au zaidi ya nafuu. Maumivu yakirudi, goti la bandia laweza kuwekwa, ijapokuwa kovu la zamani na umbo jipya la mfupa humpa mpasuaji kazi ya ziada.