Kufufua Shamba Lililoachwa: Mzabibu na Mkarafuu

Tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja mwenye duka Bagara, mjini Babati. Asema kwamba alipopita Dodoma, njiani kuja kwao Pemba, alimwona kijana akilifufua shamba la mizabibu lililokwisha kumezwa na magugu. Naye ameachiwa na marehemu baba yake mikarafuu iliyoshikwa na mwitu, na nduguze wataka ikatwe yote. Auliza: Je, aifanyie kama alivyofanya yule kijana?

Kwanza tuieleze kazi ya kijana huyo. Habari ya mvinyo si yetu. Yetu ni shamba. Mzabibu huzaa kwenye machipukizi mapya, yatokayo katika vijiti vya msimu uliopita. Ukiachwa bila kupogolewa hurefuka ovyo, na zabibu zake huwa haba na ndogo. Basi mwenye kuufufua husafisha magugu, husimamisha nguzo na waya, kisha huchagua chipukizi moja zima chini ya shina na kulilea. Likishapata nguvu, ndipo hukata mti mkongwe ulio juu yake. Penye pengo hupanda vipandikizi. Ujerumani, katika bonde la mto Mosel kunakolimwa zabibu za Riesling, baridi huulaza mzabibu mara moja kila mwaka. Dodoma hakuna baridi kama hiyo; mkasi ndio uuamshao mti, na kwa sababu hiyo huko huvuna mara 2 kwa mwaka.

Lakini mkarafuu si mzabibu. Karafuu hutoka kwenye ncha za vitawi. Akataye ncha amekata mavuno yake mwenyewe. Kwa hiyo twamshauri ndugu yetu aondoe mitambaazi na matawi makavu tu, apalilie kuzunguka mashina bila ya kuijeruhi mizizi, na penye pengo apande miche na kuitilia kivuli. Mche hungojewa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo mkarafuu mkongwe ulio hai huendelea kumlisha mwenyewe. Wanaotaka kuikata yote leo yawapasa wajiulize watakula nini katika kungoja.

Basi jibu letu ni hili: Mfuate yule kijana kwa subira yake, usimfuate kwa mkasi wake.