Unalala Kama Pono? Buda, Huyo Samaki Hujitengenezea Neti Kabla ya Kuzima

Si unajua vile mathe akikupata saa nne asubuhi bado uko kwa blanketi, anakuambia unalala kama pono? Tumeusikia huo msemo tangu tukiwa watoi, na wengi wetu wa bara hata hatujawahi kumwona pono akiwa mzima. Lakini watu wa Pwani waliouanzisha hawakubahatisha. Pono akizima usiku, amezima. Mzamiaji anaweza kummulika na tochi, hata amsogelee karibu kabisa, na jamaa hana habari.

Sasa kuna kitu mathe hakukuambia. Aina kadhaa za pono, kabla ya kulala, hutoa ute mdomoni na kujifunika nao mwili mzima, kama karatasi ya plastiki nyepesi inayopitisha mwanga. Analala ndani yake mpaka asubuhi, halafu anatoka na kuuacha. Usiku unaofuata anaanza upya.

Kwa miaka mingi watu walidhani ni ya kuzuia harufu ili mkunga asimfikie. Mwaka wa 2010 watafiti wa Australia wakatoa majibu mengine. Walichukua pono waliolala, wengine wakawatoa ute wao polepole bila kuwaamsha (usingizi gani huo, manze!), halafu wakawaachia wadudu wadogo wa baharini, jamaa za kamba, ambao hunyonya damu ya samaki usiku. Wale wasio na ute, zaidi ya asilimia 90 walishambuliwa. Waliokuwa ndani ya ute, kama asilimia 10 tu. Yaani ile kitu ni neti ya mbu. Pono ana neti yake, na hajangoja ya serikali.

Sasa tuje kwa ukoo, kwa sababu hapo ndipo hata wasomi walichanganyikiwa. Pono si samaki mmoja. Ni kundi la spishi kama 100, wengi wao wakiwa na meno yaliyoshikana mbele mpaka yakawa mdomo kama wa kasuku. Zamani walipewa familia yao peke yao, Scaridae. Siku hizi wataalamu wengi wanawaweka ndani ya familia kubwa ya Labridae, pamoja na yule Napoleon mwenye nundu kichwani.

Shida kubwa ilikuwa rangi. Pono wengi huzaliwa wakiwa majike, wenye rangi za kupoa: kahawia, kijivu, wekundu kiasi. Jike akikua, na yule dume anayeshikilia mtaa akitoweka, jike mkubwa anaweza kugeuka kuwa dume. Si mavazi tu, hata viungo vya uzazi vinabadilika. Rangi inakuwa kijani na buluu za kung'aa, na sasa yeye ndiye mdosi wa mbogi. Wanasayansi wa kale waliokuwa wakiletewa samaki waliokufa hawakujua hayo. Walimpa jike jina lake, dume jina lake, wakidhani ni spishi mbili. Majina yakawa mengi kuliko samaki wenyewe, na kuyapunguza ilichukua miaka.

Mfano ni Scarus ghobban, ambaye tunaye hapa Kenya. Jike ni wa manjano mwenye mistari ya buluu, dume ni wa kijani. Uliza mtu asiyejua kama hao ni mtu na bwanake, atakataa. Jina lake la kisayansi lilitokana na kazi ya Peter Forsskål, aliyekuwa akikusanya samaki Bahari ya Shamu. Alifia Yemen mwaka wa 1763, na kitabu chake kikatolewa mwaka wa 1775. Ghobban ni jina la Kiarabu la wavuvi wa huko, yeye akaliandika tu vile alivyolisikia. Heshima kwake.

Halafu kuna yule ambaye pengine ndiye uliyemla: Leptoscarus vaigiensis. Huyu anakaa sana kwenye nyasi za baharini, ana rangi ya kijani na kahawia yenye madoadoa, na huingia sana kwenye malema ya wavuvi wetu. Yuko peke yake kwenye jenasi yake, na hataki hiyo mambo ya kugeuka. Akizaliwa dume ni dume, jike ni jike, basi.

Kwa nini ujali? Angalia anavyodishi. Pono hukwangua mwamba na mawe ya matumbawe yaliyokufa akitafuta mwani na vijidudu vidogo. Meno yake yana madini magumu sana, na kooni ana taya nyingine za kusaga kama kinu. Jiwe linasagwa, chakula kinabaki, mchanga unatoka nyuma. Ndiyo, umesoma vizuri. Utafiti kwenye kisiwa cha Vakkaru, Maldivi, uliotoka mwaka wa 2015, uligundua kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya pale ulitengenezwa na pono. Hata ule mweupe wa Diani una mchango wake ndani. (Wa Malindi usimsingizie, ule wa kahawia unaletwa na Mto Sabaki.)

Akikwangua, mwani hauzidi, na matumbawe machanga yanapata mahali pa kushika. Matumbawe yetu yalikufa kwa wingi mwaka wa 1998 maji yalipopata joto, na mwamba uliokufa ukifunikwa na mwani, kurudi ni kazi. Ndiyo maana nchi ya Belize ilipiga marufuku kuvua pono mwaka wa 2009. Kwetu bado anavuliwa nje ya hifadhi kama za Watamu na Kisite, na simlaumu mvuvi, ana watoto wa kulisha. Lakini mvuvi akiwatoa wale wakubwa tu, amewatoa madume. Kule Karibi, mahali pono wanavuliwa sana, watafiti walipata madume wakubwa wamepungua, na samaki kwa jumla wamekuwa wadogo.

Pwani kuna wavuvi waliojaribu malema yenye nafasi nyembamba pembeni, ili wachanga wahepe na wakubwa wa kuuza wabaki. Kuna pia juya, nyavu ya kukokota, ambayo haichagui mtoto wala mzazi na hung'oa nyasi anazokaa yule Leptoscarus. Hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2001. Nenda ufuo asubuhi, bado utaiona ikivutwa.