Cha Kutandika Nje: Mkeka, Jamvi au Blanketi la Kukunja?

Kila Novemba inapokaribia, joto la hapa Dubai hulegea, na familia zetu za Rashidiya, ambazo tangu Mei zimejifungia ndani na viyoyozi, hukumbuka kwamba nje nako kunakalika. Jumamosi alasiri utaona magari yamefunguliwa buti, sufuria ya pilau imeviringwa taulo isipoe, chupa za chai zimesimamishwa pembeni, na watoto wamekwisha kugombea kiti cha dirishani. Wengine huelekea Bustani ya Mushrif, ambayo kwetu ni jirani; wengine ufukwe wa Mamzar; na wenye magari ya kupandia mchanga huenda hadi Lahbab au Al Qudra, wakalala huko huko. Mlangoni, baada ya kila kitu kupakiwa, ndipo huulizwa swali lililostahili kuulizwa kwanza: je, tunatandika nini?

Naomba mhariri anivumilie nilieleze swali hili kwa urefu, kwani niliwahi kulijibu vibaya, na jibu lile nusura litugharimu.

Ilikuwa Januari, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimenunua blanketi la nailoni ambalo, likikunjwa, huenea kiganjani. Nililipenda kama mtoto apendavyo mwanasesere. Kila mgeni aliyefika nyumbani nilimwonyesha namna linavyoingia mfukoni. Tukaenda jangwani upande wa Lahbab, watu wazima sita na wajukuu wanne, tukalitandika ndani ya hema. Hadi saa nne za usiku hapakuwa na neno. Saa nane nikaamshwa na meno ya mjukuu wangu yakigongana. Alikuwa amefunikwa mablanketi mawili, kwa hiyo baridi haikumtoka juu, ilimtoka chini. Mkwe wangu, kijana mwenye huruma, alikwisha kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kuufunga mlango.

"Baba, watoto wanatetemeka," akaniambia.

"Mwanangu, litoe sasa hivi," nikamjibu, "na mlango uuache wazi."

Akalitoa, ingawa usoni nilimsoma kwamba ananiona mzee mwenye inda. Mama watoto alikuwa ameanza kulalamika kuwa kichwa kinamgonga. Tulimaliza usiku ule ndani ya magari, watoto wamefungwa kanga juu ya makoti.

Mkaa unaowaka mahali palipozibwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Aliyelala huenda asiamke. Nimefundisha jambo hili darasani kwa miaka mingi, tena kwa michoro ubaoni, na bado nilikuwa nimewapeleka watu wangu mahali ambapo jiko lilionekana kuwa ndiyo rehema. Kosa halikuwa la mkwe wangu. Lilikuwa la mimi niliyechagua tandiko kwa udogo wake.

Basi tuanze na ardhi. Mchanga wa jangwani hupoteza joto lake upesi sana usiku wa anga safi. Wengi hudhani nchi hii haina baridi, ilhali Januari 2021 huko Raknah, karibu na Al Ain, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri. Tena blanketi, hata liwe nene, huleta joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa baina ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wa mwili huiminya hewa ile ikatoka, na lililobaki ni kitambaa tu. Ndiyo maana mablanketi mawili juu hayamfai mtu asiye na kitu chini. Karatasi ya fedha inayobandikwa mgongoni mwa baadhi ya matandiko hurudisha joto linalomulika, lakini haizuii sana baridi inayopita kwa kugusana. Kinachofaa chini ya mwenye kulala ni sponji ngumu, ile yenye vitundu vilivyozibwa, ambayo haiminyiki wala hainywi maji. Unene wa sentimita moja si anasa. Kwa anayekwenda kula na kurudi kabla ya isha, sponji si lazima, isipokuwa ana mzazi mwenye magoti mabovu.

Jambo la pili ni umande. Majira ya baridi hewa ya Ghuba hubeba unyevu, na ukiamka alfajiri utakuta paa la gari linachuruzika kana kwamba mvua imenyesha. Mkeka wa plastiki uliofumwa, ule unaouzwa kila duka la Deira na huko Dragon Mart, una sifa nyingi: mchanga hupita katika mafumo yake, ukiukung'uta mara mbili umekwisha, mchuzi ukimwagika unaoshwa kwa mpira wa maji. Lakini maji nayo hupita mlemle ulimopita mchanga. Blanketi la manyoya ya poliesta, kwa upande wake, ni laini kama shingo ya paka na linapendwa sana na akina mama wenye watoto wachanga; ila likisharambwa na mchanga halisafishiki, na kila kijiti cha Mushrif hung'ang'ania humo. Kwa hiyo ukilitaka, lichague lenye mgongo usiopitisha maji, na lisiwe na manyoya marefu.

Nimetaja Mushrif. Pale tunakaa chini ya miti ya ghaf, iliyotangazwa mwaka 2008 kuwa mti wa taifa, na kivuli chake ni cha heri. Lakini mti huu una miiba, na jamaa yake wa kigeni aliyeenea nchini, ambao ndugu zetu wa Kenya huuita mathenge, una miiba mirefu zaidi. Mgongo wa plastiki nyembamba hutobolewa siku ya kwanza tu. Kabla ya kununua, ushike mgongo wa tandiko baina ya kidole gumba na cha shahada ukalivute; likinyooka na kubaki limelegea, liache dukani. Na kabla ya kutandika, mpe kijana ufagio apitishe chini. Dakika tatu hizo zimeokoa matandiko mengi.

Ukubwa ndio watu wanaokosea zaidi. Bei huandikwa kwa herufi kubwa, vipimo kwa herufi ndogo. Sisi tuna hesabu yetu ambayo mtengenezaji hakuifikiria, kwani magharibi ikiingia tandiko lile lile huwa mahali pa sala. Mtu mmoja anayesali huhitaji upana wa sentimita 60 na urefu usiopungua sentimita 120. Tandiko la mita 2 kwa 3 litachukua safu moja ya watu watano na kubakisha ukanda wa sentimita 80. Safu mbili zinataka mita 2 na sentimita 40, mbali na mahali pa imamu. Mchanga wenyewe ni safi na unasaliwa, lakini wazee na wenye kanzu nyeupe wana maoni yao. Kwa wenye watoto wa nepi, kinachooshwa kwa maji tele kina fadhila nyingine isiyohitaji maelezo.

Na upepo! Kwetu Zanzibar tulielekea takriban kaskazini. Hapa kibla ni magharibi, kimepinda kidogo kuelekea kusini, nayo shamali huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Kwa hiyo pembe ya mbele, mkono wa kuume, ndiyo huinuka kwanza na kumpiga mtu usoni akiwa kwenye sijida. Wekeni hapo galoni la maji. Yapo matandiko yenye vifuko pembeni vya kutia mchanga. Hiki ni kitu kidogo nilichokidharau, na sasa ndicho ninachokitafuta.

Haya yote huenda yakamshangaza aliyekulia pwani, ambako tandiko halikuwa bidhaa ya safari bali samani ya nyumba. Ukindu huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mwembamba, kisha kili hushonwa pamoja mpaka upana utoshe. Jamvi husukwa kwa miyaa, nalo hutandikwa penye watu wengi: arusini, matangani, msikitini. Lugha yenyewe imelihifadhi. Mkutano ukiisha twasema jamvi limekunjwa. Waarabu wa hapa nao walisuka majani ya mtende, kazi waiitayo khoos, wakakalia hasiri kabla ya zulia kufika.

Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakujua kwamba mtu aweza kuupoteza mbacha wake kwa kuuhifadhi. Mama yangu alinipa mkeka wa ukindu nilipoondoka nyumbani. Nikauona mzuri mno kwa nje, nikaukunja mara nne na kuutia juu ya kabati, chini ya tundu la kiyoyozi. Miaka ikapita. Siku binti yangu alipoushusha, ulivunjika kwenye kila kunjo, kama mkate mkavu. Mkeka wa ukindu hauk­unjwi. Huviringishwa, na hewa ikiwa kavu hunyunyiziwa maji kidogo kabla ya kufunguliwa, kisha huachwa ukauke kivulini. Nao hautaki kuhifadhiwa ukiwa na unyevu, maana kuvu hula polepole. Nilijua haya yote. Mama aliniambia kwa mdomo wake.

Plastiki nayo ina adui yake, ambaye ni jua. Ukiuacha mkeka wa plastiki barazani kiangazi kizima, utaanza kumomonyoka unga, na unga ule hushika nguo na vidole vya watoto. Oshea nje, anikia kivulini, weka ndani. Lenye mgongo wa kuzuia maji lisitiwe katika mashine ya kufulia bila kusoma kipande cha maelezo kilichoshonwa pembeni, kwa sababu mgongo huo hubambuka.

Sasa katika gari letu mna vitu vitatu. Chini kabisa turubai jepesi. Juu yake sponji kwa ajili ya usiku. Juu ya yote mkeka mpya wa ukindu, ambao jamaa alinibebea kutoka Pemba ukiwa umeviringishwa, akahojiwa uwanja wa ndege kwa sababu ya urefu wake. Vikiwa pamoja haviingii kiganjani. Lile blanketi la nailoni limebaki ndani ya kijimfuko cha kiti, nalo lina kazi yake: mtoto anapotaka kukaa nusu saa bustanini baada ya shule, hilo latosha.

Mkwe wangu ndiye mwenye jiko. Huliweka hatua kumi kutoka mlango wa hema, upande upepo unakoelekea, na kabla ya kulala huyazima makaa kwa maji mpaka yasitoe moshi. Hayafukii mchangani, kwani makaa yaliyofukiwa hukaa na moto kwa saa nyingi, na watoto wa familia itakayofika kesho watapita pale pekupeku.