Sigara Moja Moja kwa Watoto: Sheria Ipo, Kikundi Chenu Kifanye Nini?

Siku moja tulikuwa tumeketi chini ya mwembe na kikundi cha akina mama, tunahesabu mchango wa wiki. Karibu nasi palikuwa na kibanda cha mwanachama mmoja. Mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, bado amevaa sare ya shule, akaja, akatoa sarafu, akapewa sigara moja. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwenye kibanda alipoona namtazama mtoto akasema, "Hiyo ni ya babake." Pengine ilikuwa kweli. Lakini jioni nikienda stejini kutafuta gari, nilimkuta mtoto yule yule nyuma ya kinu cha kusaga mahindi pamoja na wenzake wawili, wanapokezana sigara.

Mama huyo si mtu mbaya. Ndiye mweka hazina wa kikundi, na hakuna shilingi iliyowahi kupotea mikononi mwake. Hakujua tu kwamba kwa sarafu ile moja alikuwa amevunja sheria mara mbili. Nami nakiri kwamba siku hiyo sikumwambia. Niliona haya kumsema mbele ya wenzake, nikanyamaza mpaka mkutano wa mwezi uliofuata.

Sheria yenyewe inasema nini?

Kenya iliidhinisha mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku mwaka 2004. Mwaka 2006 Waziri wa Afya wa wakati ule, Bi. Charity Ngilu, alitoa kanuni za kukataza uvutaji hadharani, lakini kampuni za sigara zilienda kortini na kanuni hizo zikasimamishwa. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ambayo ilianza kutumika Julai 2008.

Wengi wanadhani sheria hii inahusu tu kuvuta sigara mjini, kwamba ukishikwa barabarani unapelekwa kortini. Ni kweli, kuvuta mahali pa watu wote kuna faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini sheria haimkatazi mtu mzima kuvuta kabisa. Mengi yaliyomo yanamlinda mtoto, na hayo ndiyo hayajafika kwetu kijijini.

Kwanza, hairuhusiwi kumuuzia wala kumpa tumbaku mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Tumbaku hapa si sigara peke yake, hata ugoro umo. Kwamba ametumwa na babake haibadilishi kitu, kwa sababu anayenyosha mkono na kupokea ni mtoto. Pili, sigara ziuzwe ndani ya pakiti yenye sigara zisizopungua 10. Kufungua pakiti na kuuza moja moja ni kosa, hata mnunuzi akiwa mzee wa miaka sabini. Mwenye duka pia anatakiwa kubandika tangazo la kusema kwamba hauzi tumbaku kwa walio chini ya miaka 18. Hata peremende na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa umbo la sigara vimekatazwa. Matangazo ya sigara, zawadi na udhamini wa michezo navyo vimepigwa marufuku. Wale wa rika langu wanakumbuka zile gari za sinema zilizokuja sokoni usiku, vijana wakigawiwa sigara za bure. Hayo yalikomeshwa na sheria hii.

Kwa nini sigara moja?

Mtu ataniuliza, sigara moja ina ubaya gani kuliko pakiti? Fikirini kama muuzaji. Mtoto hana pesa ya pakiti, ila sarafu hakosi. Anaweza kubakiza chenji ya sukari aliyotumwa, au pesa ya chakula cha shule. Sigara ikiuzwa moja moja, inafika pale mkono wake unapofika. Tena mtu mwenye pakiti mfukoni anaogopa mamake atakapofua nguo, lakini sigara moja inaisha nyuma ya kinu na hakuna ushahidi.

Kuna jambo jingine ambalo hata mimi sikulifikiria mwanzoni. Sheria inataka pakiti iwe na onyo la afya kwa Kiingereza na Kiswahili, upande wa mbele si chini ya asilimia 30 na wa nyuma si chini ya asilimia 50. Kanuni za mwaka 2014 ziliongeza picha za magonjwa, hata asiyejua kusoma aone. Kanuni hizo zilipingwa kortini na kampuni moja kubwa ya sigara kutoka ngazi hadi ngazi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Miaka yote hiyo watu wanabishana juu ya picha. Halafu sisi tunamtolea mtoto sigara moja kutoka kwenye pakiti iliyo chini ya meza, na ile picha haioni.

Nikotini iliyo katika tumbaku inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ubongo wa kijana bado unakua, kwa hiyo unazoea upesi. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2013 kati ya wanafunzi wa Kenya wenye umri wa miaka 13 hadi 15, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa anatumia tumbaku ya aina fulani. Katika darasa la watoto hamsini, hao ni watano. Na msidhani ni wavulana peke yao. Jaribuni pia kuwauliza wazee wenu wanaovuta walianza wakiwa na umri gani. Niliuliza hivyo kwenye baraza moja, na waliojibu karibu wote walitaja miaka ya shule.

Kikundi kimoja kilivyofanya

Mkutano wa mwezi uliofuata nilisoma sheria hiyo mbele ya wale akina mama. Kukawa kimya. Kisha mama mwenye kibanda akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mwalimu, nikiacha sigara, nani atanilipia karo?" Hapo ndipo semina nyingi zinavunjika. Tunakuja na makatazo, tunakunywa chai, tunaenda.

Mwenyekiti alikuwa na busara kuliko mimi. Hakumjibu. Alimwomba aandike kwenye daftari, kwa wiki mbili, kila sigara anayouza na faida yake. Daftari liliporudi, faida ya sigara haikufikia ile ya mafuta ya kupima. Wengine walichukua kwa deni na hawakulipa. Lakini mama alisema ukweli pia, kwamba anayekuja kwa sigara hununua na majani chai, na huyo atamhamia jirani. Kikundi kikakubaliana mambo mawili: wenye vibanda wote wanne walio wanachama waanze siku moja, ili mmoja asimharibie mwenzake, na mama apewe mkopo mdogo kutoka kwa mchango aanze kukaanga mandazi asubuhi. Yeye bado anauza sigara, lakini kwa pakiti, na kwa mtu mzima. Kijana asiyeeleweka umri anaombwa kitambulisho.

Kazi ngumu ilikuwa ya akina baba. Mtoto akitumwa anarudishwa na ujumbe, "Mwambie baba aje mwenyewe." Wiki za kwanza wazee wawili walikuja wakipiga kelele kwamba wanawake wamekuwa serikali. Chifu msaidizi alilieleza jambo hilo barazani, na kelele zikapungua. Naomba wazazi wanaovuta walitazame hili bila hasira. Mtoto anayetumwa sigara kila jioni anaijua bei, anajua inavyowashwa, na anajua kwamba baba haioni kuwa kitu.

Matanga nayo yaliingia katika mazungumzo. Kwetu sahani ya sigara huzungushwa kwa wazee usiku, na vijana ndio wanaozungusha. Disko matanga nazo mnazijua. Kikundi kilikubaliana kwamba kwenye msiba wa mwanachama hakuna pesa ya kikundi itakayonunua sigara. Mengine ni ya familia yenyewe.

Ikiwa mwenye duka si mwanachama wenu na amekataa kusikia, msiende kumvunjia kibanda. Waendeeni watu wawili au watatu anaowaheshimu, wamsomee sheria. Akikataa tena, mpelekeeni habari afisa wa afya ya umma wa eneo lenu, kwa sababu yeye ni mmoja wa wenye mamlaka ya kuingia na kukagua. Andikeni siku, saa na mlichoona. Barua yenye sahihi za wanachama ishirini inasomwa upesi kuliko malalamiko ya mtu mmoja kwenye mlango wa ofisi. Shule pia zihusishwe. Sheria inakataza kuvuta shuleni, na hilo linamgusa mwalimu kama linavyomgusa mwanafunzi.

Jambo jipya la kuangalia

Tangu mwaka 2019 kumeingia vifuko vidogo vyeupe vya nikotini, vinauzwa kwenye kikebe cha mviringo. Kijana anakiweka kati ya mdomo na ufizi. Hakuna moshi, hakuna harufu ya sigara, kingine kinanukia mnanaa. Mama mmoja alinionyesha kikebe alichokiokota kitandani kwa mwanawe, akiamini ni peremende. Sheria ya mwaka 2007 iliandikwa kabla ya vitu hivi, na mwaka 2024 mswada wa kuirekebisha ili ivishike vizuri ulipelekwa katika Seneti. Mwiteni seneta wenu au mwakilishi wa wadi kwenye mkutano, mumwulize msimamo wake. Maoni ya vikundi vya vijijini hayafiki huko yenyewe.

Kuhusu majirani zetu wanaolima tumbaku, kama kule Migori, Busia na Bungoma, hilo ni jambo refu na nitaliandikia siku yake. Kwa sasa niseme tu kwamba huko Migori kuna wakulima walioanza kulima maharagwe yenye madini ya chuma mahali pa tumbaku, katika mpango wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa ulioanzishwa mwaka 2022. Kuacha kulima ni kazi ya miaka. Kurudisha mtoto kibandani hakuhitaji mfadhili.

Vibanda vinne vya wanachama vinaendelea vizuri. Cha tano, kilicho stejini, ni cha mtu wa mbali na bado anauza moja moja. Afisa wa afya amekuja mara moja, akamkuta amefunga. Kikundi kimepanga kumwandikia tena.