Panya Wachimbaji Uani: Tuanze Wapi?



Ukipita asubuhi na mapema katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi kule Marikiti, utaona udongo mpya umemwagwa chini ya kuta, na kando yake tundu jeusi. Mwenye nyumba hufagia udongo, huziba tundu kwa jiwe, hushika shughuli zake. Kesho yake tundu limefunguka tena, au limehamia futi mbili kando. Wenzetu wa Majengo na Bondeni wanayajua haya pia, hasa penye ua wenye kuku, mnazi au choo cha shimo.

Kule vijijini mchimbaji tumzoeaye ni fuko, yule wa kusukuma vichuguu vya udongo shambani na kula mihogo kwa chini. Kisiwani Mombasa mchimbaji wa uani ni panya. Kumshinda kunawezekana, na wala si kwa gharama kubwa. Shida ni kwamba wengi wetu tunaanza mwisho: tunakimbilia sumu au saruji kabla ya kufanya kazi inayotangulia.

KWA NINI TUSINGOJE

Nyumba za kale za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ni mnene, futi moja na nusu au hata mbili, lakini mara nyingi katikati yake ni kifusi cha mawe madogo. Panya akishaondoa udongo chini ya ukuta kama huo, sakafu hutitia, nyufa hutokea, na mvua za masika huingia pale pale alipochimba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa maneno hayo si methali tu, ni hesabu ya fedha.

Jambo la pili ni afya. Mkojo wa panya huweza kubeba vijidudu vya homa ya leptospira. Vijidudu hivyo huishi katika maji na tope, na humwingia mtu kupitia kidonda au mchubuko mguuni. Kwa hiyo wakati wa mafuriko watoto wasicheze pekupeku katika maji ya mitaroni. Viroboto vya panya nao hueneza tauni. Ugonjwa huo uliingia Nairobi mwaka 1902, wakati mji ulikuwa bado mchanga, na serikali ya wakati ule ikaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Hakuna anayetaka kurudi huko.

MTAMBUE MCHIMBAJI KWANZA

Si kila panya anachimba. Tuwatazame watatu.

Panya wa darini. Ni mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko mwili. Huyu ni mpanda juu: makuti, boriti, minazi. Ukisikia mbio usiku juu ya kichwa chako, ni yeye. Si yeye anayebomoa ua.

Panya wa mitaroni. Ni mnene, masikio madogo, mkia mfupi kuliko mwili. Aliletwa na meli, ndiyo maana miji ya bandari inamjua sana. Huchimba kando ya kuta, mitaro na vyoo. Tundu lake lina upana wa inchi tatu hivi, na kwa kawaida lina mlango wa pili wa kukimbilia. Huishi kwa kundi na huhitaji maji kila siku.

Panya buku. Ni mkubwa, huweza kupita kilo moja, na nusu ya mwisho ya mkia wake ni nyeupe. Tundu lake linaingiza ngumi na zaidi. Ana mifuko ndani ya mashavu, anajaza nazi, maembe au mahindi na kuyapeleka ghalani kwake chini ya ardhi. Mara nyingi huishi peke yake, na hazai wengi kama yule wa mitaroni.

Tofauti hii ina faida. Ukinasa panya buku wawili, huenda ua ukatulia. Ukinasa panya wa mitaroni wawili, bado hujafanya kitu. Jike huchukua mimba wiki tatu tu, huzaa watoto sita hadi kumi na wawili, na watoto hao huanza kuzaa wakifika miezi mitatu hivi.

HESABU MATUNDU

Jioni moja zunguka ua wote. Kila tundu liweke karatasi iliyofinyangwa au majani makavu. Asubuhi angalia. Penye karatasi iliyosukumwa, pana mwenyewe. Penye karatasi iliyotulia, pengine ni tundu la zamani. Andika idadi katika daftari la kikundi, nyumba kwa nyumba. Bila hesabu hii hamtajua kama kazi inaendelea au mnajichosha bure.

KAZI YENYEWE, KWA MPANGILIO

1. Mnyimeni chakula na maji. Hili ndilo jambo la kwanza, na ndilo linalorukwa. Panya hakuja kwa sababu ya tundu, amekuja kwa sababu ya chakula. Matumbo ya samaki, machicha ya nazi, mabaki ya wali, chakula cha kuku kilichoachwa usiku, bomba linalovuja: hiyo ni karamu. Takataka zikae katika pipa lenye kifuniko cha kubana, si kiroba, si ndoo iliyopasuka. Pua ya mnyama huyu si ya mchezo. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kugundua mabomu Kambodia. Basi anayenusa bomu lililofukiwa atashindwa kunusa dagaa wako?

2. Tegeni. Chakula kikipungua, panya ana njaa, na mwenye njaa huingia mtegoni. Wekeni mitego kando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hupenda kutembea akijisugua ukutani. Panya huogopa kitu kigeni, kwa hiyo acheni mitego siku tatu ikiwa na chambo bila kuitega. Akishazoea kula, hapo itegeni yote usiku mmoja. Chambo kizuri ni dagaa wa kukaanga au kipande cha nazi kilichochomwa. Mtego wa kawaida wa panya haumwezi panya buku. Yeye anataka mtego mkubwa wa kizimba. Funikeni mitego kwa sanduku au ubao ili paka na watoto wasiumie. Aliyekufa msimguse kwa mkono mtupu, mfukieni ndani kabisa.

3. Zibeni. Sasa ndipo zamu ya kuziba. Ukiziba mapema, panya aliye ndani atachimba mlango mwingine, au atafia ukutani na nyumba ikanuka wiki nzima. Shindilia ndani ya tundu mawe madogo na waya, kisha funika. Kwa ukuta wa matumbawe tumieni chokaa na mchanga, si saruji tupu. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na chokaa cha zamani kikilowa muda mrefu hulegea. Mitaro iwekwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi nusu inchi. Kuzuia panya wadogo, robo inchi. Chini ya mlango pigilieni kipande cha bati.

Kwa ua wa udongo, chimbeni mfereji wa futi mbili, teremsheni wavu wa chuma, na sehemu ya chini ikunjwe kuelekea nje futi moja. Panya akichimba kuteremka anakuta wavu. Mara nyingi harudi nyuma akazunguka. Lakini msichimbe mfereji huo kando ya msingi wa nyumba ya kale bila fundi. Hapo lazeni wavu juu ya ardhi ukigusa ukuta, kisha ufunikeni kwa udongo na mawe. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kabla ya kugusa ukuta wenyewe, zungumzeni na watu wa Makavazi ya Taifa.

MAMBO YA KUEPUKA

Kumwaga maji shimoni. Wengi hufanya hivi kwa hasira. Maji yanalainisha udongo chini ya ukuta, kwa hiyo unamsaidia panya kubomoa nyumba yako.

Kumimina mafuta ya taa au petroli. Katika mji wenye vichochoro vyembamba na boriti kavu, hiyo ni kuita moto.

Sumu ya kupimiwa mkononi. Ile inayouzwa barabarani bila jina wala maelezo, usiiguse. Hujui ni nini, na hata daktari hatajua. Dawa halali huwa na kibandiko na namba ya usajili wa bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na panya. Hata hiyo halali ina madhara. Nyingi huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa, akiwa ukutani au akiwa ameshaliwa na paka. Mji wa Kale una paka wengi, na paka ni askari wetu wa bure. Ukimuua paka umeajiri panya. Kama ni lazima kutumia sumu, iwekwe ndani ya sanduku lililofungwa, na mtu mmoja wa kikundi awe na jukumu la kuikagua. Mtoto akiila, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na kibandiko chake, hata kama anaonekana mzima, maana dalili huchelewa.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Tuseme kichochoro kina nyumba kumi. Tisa zinasafisha, zinatega na kuziba. Ya kumi inatupa matumbo ya samaki nyuma ya jiko. Panya wote watahamia huko, watazaana, na baada ya miezi michache watarudi kwa wale tisa. Si kwamba jirani huyo ni mbaya. Pengine ni bibi mzee anayeishi peke yake, au mpangaji asiye na pipa. Kumgombeza hakutasaidia. Kumpelekea pipa na vijana wawili wa kufagia kutasaidia.

Kwa hiyo kikundi kichague siku moja. Ongeeni na mzee wa mtaa na mhudumu wa afya ya jamii. Asubuhi hiyo nyumba zote zisafishe pamoja. Mitego inunuliwe kwa fedha za kikundi na izungushwe kwa zamu. Kila Jumamosi matundu yahesabiwe na idadi iandikwe. Mkianza na matundu arobaini na baada ya wiki nne yakabaki sita, hapo mna habari ya kuwaambia majirani wa kichochoro cha pili. Na mkifikia sita msilegee, maana hao ndio mbegu.

Kwa ninyi wa vijijini wenye fuko, sehemu ya kazi ni tofauti. Fuko hafuati takataka, anafuata mizizi, na tundu lake hulifunga mwenyewe kwa udongo. Mtego wake uwekwe ndani ya njia yake, chini, na fimbo ya kupinda na kitanzi bado inafanya kazi vizuri. Ila hesabu na ushirikiano ni vile vile, kwa kuwa fuko wa jirani hajui mpaka wa shamba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mtaa wetu, panya wanapata wapi chakula usiku? Tutaje mahali, si majina ya watu.

2. Ni nyumba gani zinahitaji msaada wa pipa au nguvu za vijana?

3. Nani atatunza daftari la matundu, na tutakutana siku gani kulisoma?