Feza ya Serikali kwa Mbabula, Kuni na Sola: Inapitia Wapi Mpaka Ifike Kilwa?

Kuna swali moja ambalo wadogo zetu wa Kilwa wanatuuliza kila mara: "Yaya, banasema serikali inatoaka feza kwa miradi ya kupunguza makala na kuni. Sisi tunaipataka je?" Swali ni la haki. Jibu ni kwamba feza iko, lakini haitembei na jina hilo. Mwenye kutafuta mlango mmoja wenye kuandikwa "msaada kwa nishati" atamaliza viatu bure. Feza hiyo imelala ndani ya mifuko yenye majina mengine, na kila mfuko una sheria yake.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Lubumbashi tukisema nishati, mtu anafikiri SNEL, kuran na delestaji. Kilwa, kilomita karibu 350 kutoka hapa, pembeni ya ziwa Moero, hesabu ni ingine. Kule nishati ni kuni za kukausha samaki, makala ya kupika bukari, na mafuta ya jenereta. Kwa hiyo kutumia nishati kwa akili Kilwa kunaanzia kwenye moto wa mama mwenye kukausha samaki. Moto wazi unatupa joto pande zote, kuni zinaisha haraka, moshi unaingia machoni na kwenye mapafu, na mwaka ujao kuni zinatafutwa mbali zaidi. Huko Ghana, mtaa wa Chorkor karibu na Accra, kulitengenezwa tanuru ya udongo ao matofali ambayo FAO iliieneza Afrika nzima: moto unafungiwa chini, juu yake trei za samaki zinapangwa moja juu ya ingine, na moshi uleule unapita zote kabla ya kutoka. Inaombea mwashi, seremala na waya. Haiombi injinia kutoka Kinshasa.

Sasa tuje kwenye mifuko.

Mfuko wa kwanza unatokana na sheria ya umeme, Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014. Sheria hiyo njo ilizaa ARE, yenye kusimamia sekta, na ANSER, yenye kushugulikia umeme wa vijiji na pembeni ya miji. Chini ya ANSER kuna Mfuko Mwinda (mwinda ni taa kwa Lingala, jina zuri kabisa). Kazi yake ni kusaidia bei ya sola na ya vyombo safi vya kupikia ishuke kwa watu wa vijiji. Lakini angalia vizuri: aina hii ya msaada inapitia kwa kampuni yenye kuuza ao kufunga vifaa, na mara nyingi feza inatoka kisha kazi kuonekana. Komite ya vijana wasio na kampuni, wasio na namba ya kodi, haiwezi kuikamata moja kwa moja. Wanaweza kuwa mkono wa kampuni pale Kilwa: kuuza, kufunga, kutengeneza. Hiyo ni kazi ya kweli kwa mtu mwenye diploma ya elektrisite, na sioni juu ya nini tunaidharau.

Mfuko wa pili ni wa madini, na hapa njo nataka tukae kidogo, kwa sababu ni wenye kujulikana vibaya. Sheria ya madini ya 2002 ilibadilishwa na Sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Tangu hapo, redevansi ya madini inagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% provensi, 15% entite ya mahali (sekta, cheferi ao komine) ambako mgodi unachimba, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake yote ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zenye kuguswa na mgodi, na feza hiyo inasimamiwa na shirika ambamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii wanakaa pamoja. Mbabula bora, tanuru za samaki, sola ya kituo cha afya: vyote vinaweza kuingia humo kama jamii imeviomba.

Lakini Kilwa ina shida yake. Mgodi wa teritwari ya Pweto ambao kila mtu anaujua ni Dikulushi, wa shaba na feza nyeupe, ambako Anvil Mining ilianza kuchimba mwaka wa 2002. Sheria ya 2018 ilipokuja, miaka minono ya Dikulushi ilikuwa imekwisha kupita. Na asilimia kumi na tano ya zero ni zero. Mgodi ukilala, mfuko nao unalala. Kwa hiyo usiandike dosie yenye kuegemea redevansi kama haujauliza kwanza kama kuna mgodi wenye kuuza sasa ndani ya entite yenu. Ulizia kwenye ofisi ya entite yenyewe. Ile ni feza ya watu wote, swali lako si kosa.

Mfuko wa tatu ni ule wa retrosesio. Katiba, artikle 175, inapatia provensi 40% ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 juu ya entite za mahali inasema 40% ya fungu hilo inashuka kwa entite. Kwenye karatasi. Wote tunajua namna feza hiyo inachelewa ao inafika nusu, sitaongeza maneno.

Jirani zetu wa Tanzania walichagua njia ingine. Wakala wao wa nishati vijijini, REA, ulitokana na sheria ya 2005, na sehemu ya feza yake inakatwa kwenye bili ya umeme ya kila mteja. Mfuko wenye kujazwa kila mwezi haungojei bei ya shaba.

Basi mtu wa Kilwa afanye nini na dosie yake? Neno moja mimi nalikazia kuliko yote: mupime. Dosie nyingi zinasema "tutapunguza matumizi ya kuni" bila namba hata moja. Chukueni mizani, mukae na mama watano wiki mbili, mupime kuni zenye kuingia kwa kila kikapu cha samaki. Jengeni tanuru moja tu, kwa mchango wenu, mupime tena wiki mbili zingine. Tofauti hiyo njo mradi wenu. Vilevile kwa sola ya kituo cha afya: taa kumi za wati 60 zikiwaka saa tano zinakula wati-saa 3.000, taa kumi za LED za wati 9 zinakula 450. Ukibadilisha taa kwanza, sola ya kununua kwa ajili ya taa inakuwa ndogo zaidi ya mara sita. Mwenye kutoa feza akiona hesabu kama hiyo, anajua anaongea na watu waliosoma.

Kisha, muwe na sura mbele ya sheria. Asibeeli inafuata Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Koperative inafuata sheria za OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka wa 2012. Kwa mama wa samaki, mimi ningechagua koperative, kwa sababu wao wanauza na wanataka kugawana faida, na asibeeli haigawanyi faida.

Na mupeleke karatasi mapema. Entite inatengeneza bajeti ya mwaka mbele ya mwaka kuanza, na mradi usio ndani ya plani yake ya maendeleo ya mahali hauna mstari wa kulipwa, hata shefu akiupenda namna gani. Mwenye kufika mwezi wa pili na dosie nzuri ataambiwa angojee mwaka mwingine.