Kutoka Lubumbashi hadi Kasomeno: pikipiki ya mbio ianze kurekebishwa wapi?

Barabara ya kitaifa namba 5 inatoka Lubumbashi, na baada ya kilomita zinazokaribia 140 inafika Kasomeno, katika teritwari ya Kasenga, jimbo la Haut-Katanga. Hapo njia inagawanyika. Moja inashuka Kasenga, kwenye samaki wa Luapula. Nyingine inakwenda Kilwa na Pweto, kwenye ziwa Mweru. Kati ya mji na njia panda hiyo kuna sehemu ambazo lami imenyooka, na kwa mtu aliyekaa juu ya pikipiki yenye nguvu, kunyooka huko ni kishawishi. Kwa mama anayevuka na beseni kichwani, au kijana anayesukuma kinga iliyopakiwa mifuko ya makala, ni habari nyingine kabisa.

Pikipiki nyingi za njia hii ni ndogo: Boxer, TVS na ndugu zao wa Kichina, zinazobeba watu, makala, mahindi na samaki. Pikipiki kubwa za mbio zinahesabika. Lakini pale parkingi, wamotari wanaposubiri abiria, mazungumzo mara nyingi ni juu ya hizo kubwa. Video za simu zimemfanya kila mtu kuwa mjuzi: eshapema ya namna hii, pinyo ya meno haya, mkono wa nyuma uliorefushwa. Na yanayosemwa juu ya pikipiki kubwa yanatendwa juu ya ndogo. Hapo ndipo suala linawagusa hata wasiojua kuendesha, kwa sababu abiria hapewi nafasi ya kuuliza fundi alikata nini.

Chukua mfano wa Suzuki Hayabusa, inayopendwa sana na watu wa kurekebisha pikipiki duniani. Jina lake ni la Kijapani, la ndege tunayemwita kozi. Ilitoka mwaka 1999 ikiwa na injini ya karibu sentimita za ujazo 1,300 na nguvu ya farasi zaidi ya 170, wakati Boxer ya 150 ina nguvu ya farasi 12 hivi. Ilipita kilomita 300 kwa saa, na muda mfupi baadaye watengenezaji wakubwa wakakubaliana wenyewe kuweka kikomo cha 299, kwa kuogopa serikali za Ulaya zisije zikaweka sheria kali zaidi. Mwaka 2008 injini ikaongezwa hadi 1,340. Kwa maneno mengine, chombo hiki kimetoka kiwandani na nguvu ambayo hakuna barabara ya Katanga inayoweza kuimaliza. Kinachofuata karibu siku zote ni mwenyewe kutaka kuiongezea.

Kitu cha kwanza kuguswa ni eshapema. Sababu ni mlio. Mtu anaondoa bomba la kiwanda, anaweka fupi lililo wazi, na pikipiki inasikika hata kabla ya kuonekana. Wamotari wa Boxer hawana feza ya bomba la Italia. Wao wanatoboa tu lile la zamani au wanatoa vipande vya ndani vinavyopunguza kelele. Matokeo ni mamoja: moshi unatoka kwa urahisi zaidi, mpangilio wa hewa na esansi unabadilika, na injini inaweza kufanya kazi ikiwa na esansi pungufu, ikapata joto kuliko ilivyopangwa. Kwenye pikipiki yenye kompyuta ya sindano za esansi, faida ya eshapema pekee ni ndogo sana mpaka programu ya kompyuta irekebishwe pia. Kwenye ile ya kabureta, lazima jiklere ibadilishwe. Asiyefanya hivyo amenunua kelele tu, na wakaaji wa kando ya barabara ndio wanaoilipia usiku.

Jambo la jiklere lina upande wake wa Katanga, na linasahaulika. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 12 ya nguvu yake. Kabureta haijui hilo: inaendelea kumimina esansi ileile kwa hewa iliyopungua, bujia inakuwa nyeusi na matumizi yanapanda. Dawa ni jiklere ndogo kidogo. Kwa hiyo anayepigiwa simu na rafiki wa pwani na kuambiwa namba ya jiklere iliyomfaa yeye, akiinunua na kuifunga hapa, anajitafutia shida. Pikipiki za sindano zina kifaa kinachopima uzito wa hewa na kujirekebisha zenyewe.

Kisha pinyo na kurone, yale magurudumu mawili ya meno yanayoshikwa na shene. Hapa pikipiki ya mbio na ile ya makala zinakutana kabisa. Hayabusa ya tangu 2008 inatoka na meno 18 mbele na 43 nyuma. Ukitoa jino moja mbele, likabaki 17, mvuto unaongezeka karibu asilimia 6, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi hichohicho. Wanaotafuta kuruka haraka wanafanya hivyo. Mmotari anayepanda kilima na mifuko mitatu anafanya vilevile: pinyo ndogo mbele, au kurone kubwa nyuma. Ni badiliko la bei ndogo, linaweza kurudishwa nyuma, na fundi wa kando ya barabara analijua vizuri. Pengine ndilo badiliko la busara kuliko yote yanayofanywa kwenye parkingi zetu.

Lakini nalo lina hesabu yake. Injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo inakula zaidi. Na kwenye pikipiki kubwa ambazo mita ya mwendo inahesabu mizunguko kwenye sanduku la gia, mita inaanza kudanganya: inaonyesha 106 wakati mwendo wa kweli ni 100. Ndogo nyingi hazina shida hiyo kwa sababu kebo yao inatoka gurudumu la mbele. Shene ikiwa ya zamani na pinyo mpya, meno mapya yanaliwa kwa muda mfupi; vitu hivyo vitatu vinabadilishwa pamoja, hata kama mfuko unalia.

Mkono wa nyuma uliorefushwa ni kesi nyingine. Unatoka kwenye mashindano ya kukimbia moja kwa moja, pale Marekani, kwa umbali wa robo maili, yaani mita 400 hivi. Pikipiki ndefu hainyanyuki mbele inapoondoka, basi nguvu yote inakwenda chini. Nje ya mstari ulionyooka, ni mzigo: inakataa kukata kona, na tundu linalotokea ghafla haliepukiki. Mara nyingi wanaoirefusha wanaiteremsha pia, tumbo likakaribia chini. Dodane la kwanza litawapa jibu.

Jambo baya zaidi ni namna ya kuirefusha. Mkono wa nyuma wa Boxer ni chuma, na mchomeleaji mzuri wa mtaani anaweza kuutia nguvu kwa ajili ya mizigo. Wa Hayabusa ni aluminiamu. Aluminiamu haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya fimbo inayotumika kwa milango na madirisha. Inahitaji mashine ya gesi na mkono uliozoea, na hata hapo joto linapunguza ugumu ule uliotiwa kiwandani. Kiungo kinaweza kupendeza macho, kikapakwa rangi, kikakatika siku ile gurudumu litakapoingia kwenye tundu kwa kilomita 140 kwa saa.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hainyeshi, na kila lori linalopita kwenye udongo mwekundu linaacha wingu. Filtri ya hewa ya kiwanda ina karatasi au sponji ndani ya sanduku lililofungwa. Kwa tamaa ya nguvu kidogo na mlio wa kunyonya, wengine wanatoa sanduku zima na kuvika filtri ndogo ya wazi, au wanaacha bila kitu. Vumbi lina mchanga laini ndani yake, na mchanga ni msasa. Unakula silinda na ringi za pistoni taratibu, mpaka moshi wa buluu unaanza kutoka nyuma. Nguvu iliyotafutwa inaisha, na nyingine inaondoka pamoja nayo. Wanaoendesha kwa miaka huku wanaiacha filtri ya kiwanda mahali pake na kuisafisha mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema.

Esansi nayo ina maneno. Injini ya mbio inabana hewa sana: Hayabusa ya 2008 inabana mara 12.5, na inahitaji esansi safi yenye okteni ya juu. Ile inayouzwa na makadhafi kwenye chupa na bidoni inaweza kuwa nzuri. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, injini ndogo itakohoa na kuendelea, lakini ile kubwa itaanza kugonga ndani, na kugonga huko kunaweza kutoboa pistoni. Mwenye pikipiki ya namna hiyo anayekwenda Kasomeno na kurudi lazima afanye hesabu ya tenki kabla ya kutoka mjini.

Hadi hapa hakuna aliyezungumzia breki, na ndivyo mazungumzo ya parkingi yanavyokwenda pia. Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kilomita 120 kwa saa, dereva anayetumia sekunde moja kushtuka, akakamata breki vizuri juu ya lami kavu, anasimama baada ya mita 110 hivi. Kwa 200, anahitaji mita zipatazo 275. Hiyo ni zaidi ya urefu wa viwanja viwili na nusu vya mpira kama kile cha TP Mazembe pale Kamalondo, vikiwekwa mfululizo. Mbuzi akitokea mita 150 mbele, eshapema ya bei gani itasaidia?

Wanaojua kazi hii wanaanzia upande huo. Mafuta ya breki yanabadilishwa kila miaka miwili, kwa sababu yanavuta maji kutoka hewani, na yenye maji yanachemka yakipata joto, mkono wa breki ukawa laini kama mkate. Mabomba ya mpira ya breki, yakizeeka, yanabadilishwa na yale yaliyosukwa kwa nyuzi za chuma, yasiyovimba. Halafu mipira ya magurudumu. Ubavuni mwa kila mpira kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa okazyo unaweza kuwa na meno mazuri na bado ukawa mzee, mgumu kama mti. Pana pia herufi ya mwendo: P inavumilia kilomita 150 kwa saa, H 210, W 270. Kuvika Hayabusa mpira wa P kwa kuwa ulipatikana sokoni ni kuweka ahadi ambayo mpira hauwezi kuitimiza. Na asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, baridi ya Katanga inapouma vidole, hata mpira mpya haushiki vizuri mpaka upate joto.

Afrika inao waliofika mbali kwa kazi hii. Brad Binder, kijana wa Afrika Kusini, alishinda mashindano ya MotoGP kule Brno mwezi wa nane mwaka 2020, wa kwanza wa nchi yake katika daraja hilo. Alishinda kwenye uwanja uliofungwa, penye changarawe za kumpokea anayeanguka na madaktari waliosimama tayari. Kati ya Lubumbashi na Kasomeno hakuna changarawe hizo. Kuna kinga za makala, na kwa aliyeumia vibaya kuna safari ndefu ya kurudi mjini. Kofia ngumu, ile kaske, inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40 na ya kuumia kichwa kwa karibu 70, kama utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unavyoonyesha. Lakini ni kaske iliyofungwa mkanda, si ile iliyotundikwa kwenye mkono wa pikipiki kwa ajili ya polisi.

Kuna rekebisho moja ambalo karibu hakuna anayelitaja, wala halina gharama kubwa. Wazambia, Watanzania, Waafrika Kusini na Wajapani wanaendesha upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Taa ya mbele ya pikipiki iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto inatupa mwanga wa chini zaidi upande wa kushoto, yaani, kwa huku, moja kwa moja machoni pa anayekuja. Iliyopitia Kasumbalesa ikiwa ya okazyo inakuja na taa hiyo. Anayetaka iwe sawa anabadilisha taa nzima. Asiyeweza anaiinamisha kidogo na kukubali kuona karibu zaidi, kisha anapunguza mwendo usiku.

Jambo hilo litazidi kuwa la haraka. Mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno kupitia Kasenga, kuvuka Luapula kwa daraja na kuingia Mwenda nchini Zambia, umekusudiwa kuyafungulia malori njia fupi zaidi ya kwenda Dar es Salaam. Malori hayo yatapita hapohapo kwenye njia panda, mchana na usiku, na mengi yatakuwa na madereva waliozoea upande wa kushoto.